Kipande cha Katikati

Habari hii nilielezwa na Zuhura, Jumatatu moja ya mwezi wa tisa mwaka huu, tukiwa barazani kwao Kinole tunachambua karafuu. Zuhura ni mtoto wa dada yake Mwanahawa na anaishi naye nyumba moja, kwa hiyo mengi aliyaona mwenyewe. Yale ya mjini alimuuliza Asia. Mwanahawa siku hiyo alikuwa ameshuka shamba, na Zuhura alisimulia bila kupunguza sauti.

Asia ndiye binti wa pekee wa Mwanahawa. Ana miaka thelathini na sita, anaishi Mafiga, na kazi yake ni ushonaji. Shule aliishia la saba. Kaunta buku lake la vipimo anaandika pande mbili: mbele mabega, kifua, kiuno na urefu wa wateja, nyuma hadithi. Alifanya hivyo miaka mingi bila kumwonyesha mtu.

Mwaka jana alikuja mteja mmoja kuchukua gauni, Mwalimu Faraja, mtu wa Njombe anayefundisha sekondari hapo mjini. Asia alipokwenda kutafuta mfuko, kaunta buku likabaki mezani limefunguka upande wa nyuma. Mwalimu akasoma.

"Huyu mwanamke anayekaa juu ya gunia anasubiri nini?" akauliza.

"Mwalimu, hiyo siyo ya kusoma."

"Nimeshasoma. Anasubiri nini?"

"Hata mimi sijajua. Nikijua nitaandika."

Mwalimu Faraja alikuwa na warsha ya uandishi, ya kwenye simu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi watu walipigiana simu ya pamoja wakazungumzia hadithi walizoandika. Mwenye uwezo alichangia kiasi cha vocha, asiye na uwezo aliingia vilevile, na hakuna aliyejua nani amechangia na nani hakuchangia isipokuwa Mwalimu. Kulikuwa na mama anayenyonyesha mapacha, kijana mwenye kigugumizi, mstaafu wa reli, na wengine wa mbali. Kulikuwa na Kasiani wa Kingolwira, aliyepoteza macho akiwa kijana, na ambaye hadithi zake alizitunga kichwani akazisema kwenye simu, dada yake akaziandika. Siku hiyohiyo Asia akaunganishwa.

Warsha ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya Kasiani na wale ambao kusoma kunawachelewesha: kila mwandishi airekodi hadithi yake kwa sauti, aitume kundini siku ya Alhamisi, watu waisikilize taratibu kabla ya Jumamosi. Ya pili ni kwamba hadithi ikizungumziwa, mwenye hadithi ananyamaza. Hajitetei, haelezi, mpaka wote wamalize.

Asia alikaa miezi minane akisikiliza hadithi za wenzake na kuchana za kwake. Kisha Mwalimu akatangaza kwamba kundi litatoa kitabu chake cha kwanza, kidogo, na hadithi zitachaguliwa Jumamosi ya katikati ya mwezi wa nane. Asia alikuwa na hadithi moja tu aliyoifikisha mwisho. Hakuwa amepata kumaliza nyingine maishani.

Hadithi yenyewe ni ya fundi wa mjini. Mama yake anaumwa mlimani, anaitwa aende. Anasema amalize pindo la gauni la bibi harusi kwanza. Anapofika, mama ameshazikwa. Ameiandika kama vile yeye ndiye huyo binti: mimi nilifanya hivi, mama yangu alikuwa hivi.

Alhamisi ile alifunga mlango wa kibanda kwa sababu ya mashine ya kusaga ya jirani, akarekodi. Simu yake haikubali rekodi ndefu, kwa hiyo alituma vipande vitatu. Cha kwanza kilisema jina la hadithi na kwamba ni ya kubuni. Cha pili kilianza hivi: "Mama yangu alifariki Jumatano, kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nashona." Hapo kati sauti yake ilikatika. Alifikiri kuirudia, akaona aiache. Kipande cha tatu kilikuwa kifupi. Akaipeleka simu dukani inakochajiwa, akaenda kulala kwake.

Wa kwanza kusikiliza alikuwa Kasiani. Akajibu kwa sauti, "Pole sana dada Asia. Nimelia." Wengine wakafuata. Pole dada. Inauma sana. Umewaliza wengi. Ilikuwa ndiyo namna yao ya kusifu.

Sasa huko Mikese, pale mabasi yanaposimama, yuko mwanamke anayeitwa Magreth, muuza machungwa. Alikuwa ameingia kundini siku nne kabla. Alipofungua simu Ijumaa asubuhi bando lake lilikuwa mwishoni. Kipande cha kwanza hakikufunguka, cha tatu hakikufunguka. Kilifunguka cha katikati. Akasikia mtu analia kwamba mama yake amefariki. Akasoma chini, akaona watu wote wanatoa pole.

Alijua kwamba kundi ni la hadithi. Lakini alikuwa kwenye kundi la kwaya, la vikoba, la wazazi wa shule na la wauza matunda, na hakuna hata moja ambalo halitangazi msiba. Akawaita wenzake watatu wa pale barabarani.

"Kuna dada yetu wa kundi kafiwa na mama," akawaambia.

"Kundi lipi tena, Magreth? Wewe makundi unayo kama mbuzi."

"La kuandika."

"Umempigia?"

"Hapatikani."

"Aliyefiwa simu ataishika saa ngapi," akasema mwingine. "Wewe ulipofiwa ulishika?"

Magreth alipofiwa na mama yake, mwaka juzi, hao watatu ndio waliomkatia kuni na kumpikia siku tatu. Hakukuwa na cha kujadili zaidi. Mtu aliyefiwa hapigiwi simu kuulizwa kama ni kweli, anaendewa. Asia alipowakaribisha wageni kundini alikuwa amejieleza kwamba kwao ni Kinole, nyumba ya bati jekundu juu ya msikiti. Wanawake wakanunua mchele debe moja, mafuta ya kula, sukari na mkeka mpya. Wakapitia Bigwa, wakachukua pikipiki, wakashushwa chini ya msikiti saa ile watu wanatoka kuswali Ijumaa.

Walipofika kona ya mwisho walijifunga khanga viunoni, wakaanza kulia. Nyumba ya msiba huingii kimya kama unakuja kununua ndizi.

Mwanahawa alikuwa nyuma ya nyumba, anageuza karafuu kwenye jamvi. Akasikia kilio kinaingia uwanjani kwake. Akaelewa kwamba kuna mtu wa ukoo amefariki na ameletewa habari. Hakuuliza. Alijifunga khanga, akazunguka nyumba huku analia, akawakumbatia wale wageni mmoja mmoja. Zuhura naye akatoka jikoni analia. Mkeka ukatandikwa, wakakaa wote sita, wakalia kwa muda wa kutosha.

Kisha Mwanahawa akajifuta uso. "Wenzangu," akasema, "nani ametutoka?"

"Mama," akasema Magreth.

"Mama wa nani?"

"Mama yake Asia. Asia fundi, wa Mafiga."

Mmoja wa wale wanawake alikuwa bado analia, hakusikia.

"Mama yake Asia ni mimi," akasema Mwanahawa.

"Labda yuko mwingine," akasema Magreth.

"Nilimzaa mwenyewe, na hakuna aliyenisaidia."

Wakati huo uwanjani walishaingia wanaume. Mbele yao alikuwa katibu wa msikiti, Mzee Abdulswamad, na nyuma yake vijana wawili wamebeba jeneza. Mzee akamwona Mwanahawa amekaa mkekani, akasimama.

"Shikamoo," wale vijana wakasema, jeneza bado begani.

"Marahaba. Hilo mmemletea nani?"

"Mwanahawa," akasema Mzee Abdulswamad, "tulisikia kilio kinaingia kwako, tukahesabu."

"Mkahesabu mkanipata mimi."

"Nyumbani mko wawili. Zuhura bado kijana."

"Lirudisheni."

Wakalirudisha. Majirani waliokuwa wameacha majembe shambani wakabaki uwanjani, na hakuna aliyeondoka mpaka jambo lijulikane. Magreth akatoa simu yake. Akakifungua kile kipande, akakiweka katikati ya mkeka, watu wote wakamsikia Asia anasema kwamba mama yake alifariki Jumatano kabla ya adhuhuri. Walimsikia sauti inakatika. Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho, mikono iko mapajani.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Hiyo ni sauti yake."

"Mama, nisamehe," akasema Magreth. "Sasa naona kwamba ni hadithi."

"Wewe huna kosa. Wewe umekuja na mchele. Aliyenichuria ni yeye."

Uchuro kwetu si neno la mchezo. Kumtamkia kifo mtu aliye hai, tena mzazi, ni kama kukionyesha kifo njia ya kwake. Na hapa si kutamka tu. Jeneza lilikuwa limeshatoka msikitini. Wazee waliokuwepo walitazama chini.

Zuhura alimpigia Asia mara kumi na moja. Duka la chaji lilifunguliwa baada ya alasiri, na Asia alipoiwasha simu ikaita mkononi.

"Dada, mama yuko hai," akaanza Zuhura.

"Kwani alikuwaje?"

Zuhura akamweleza yote, tangu kilio mpaka jeneza. Kisha akampa ujumbe. "Anasema uje kesho asubuhi. Na hadithi ifutwe, kwenye simu za watu na kwenye daftari. Usipoifuta, radhi yake huna."

Zuhura akaliita jina lake.

"Umenisikia?"

"Amesema radhi?"

"Ameitaja mbele ya wageni."

Zuhura anasema alisikia cherehani ya fundi mwingine upande wa pili, inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama. Halafu Asia akasema, "Mwambie nitakuja. Nitaifuta nikifika, aone."

Wageni wa Mikese walilala Kinole usiku ule. Ule mchele walitaka kuuacha tu waondoke, Mwanahawa akawakatalia. Kitu kilicholetwa kwa ajili ya msiba hakiingii stoo na hakirudi kilikotoka, lazima kipikwe na kiliwe na waliokileta wakiwepo. Wakakubaliana kwamba utapikwa Jumamosi mchana.

Asia alifika saa mbili na nusu asubuhi, na kaunta buku lake kwenye mfuko wa nailoni. Mwanahawa alikuwa amekaa kizingitini.

"Shikamoo mama."

Mwanahawa akamgeukia Zuhura. "Mwambie mwenzio kuna chai jikoni."

"Dada, kuna chai jikoni," akasema Zuhura.

"Mama, nimekuja kuifuta," akasema Asia. "Hili hapa buku. Kurasa ni kumi na tisa. Nitazitoa zote."

"Mwambie asichane ovyo akaharibu vipimo vya watu."

Asia akapiga magoti uwanjani, akalifungua buku upande wa nyuma. Akaanza kunyofoa uzi wa katikati kwa wembe wake wa kazi, polepole, anavyofumua mshono. Wale wanawake wa Mikese walikuwa wanachagua mchele. Magreth akaacha ungo.

"Mama Mwanahawa, naomba niseme."

"Sema. Wewe ni mgeni."

"Mimi nilisikia kipande cha katikati, nikapanda nacho mlima. Nimekuliza na kukutolea jeneza kwa kipande. Na wewe umemkatia mwanao hukumu kwa hichohicho. Hakuna hapa anayejua mwanzo wake wala mwisho wake."

"Nimeshasikia kwamba nimekufa. Mwisho mwingine ni upi?"

"Hata mimi sijui. Lakini nimebeba debe la mchele kutoka Mikese. Ningependa kujua nimelibebea nini."

Mmoja wa wenzake akacheka, akajiziba mdomo. Mwanahawa alifikiri. Kumkatalia mgeni jambo, tena mgeni aliyekulilia, ni vigumu.

"Asome," akasema. "Akimaliza anyofoe."

Saa nne ilikuwa inakaribia. Asia akaeleza kwamba saa hiyohiyo kundi litakuwa kwenye simu wanaisubiri hadithi, na kama atasoma, basi asome mara moja wote wasikie, halafu awaambie wenzake kwamba inafutwa. Mwanahawa akasema sawa, waliosikia amekufa wasikie pia kwamba imefutwa. Mtandao pale kwao unashika uwanjani tu, karibu na mchenza. Zuhura akafunika ndoo, simu ikawekwa juu ya ndoo, kipaza sauti kikafunguliwa.

Mwalimu Faraja aliposikia yaliyotokea aliomba radhi mara tatu kwa Kiswahili cha shuleni. Mwanahawa akamjibu, "Mwalimu, hamna neno, endelea na kazi yako." Na Asia akasoma.

Alisoma kama dakika ishirini. Alisoma gauni la bibi harusi, pindo, simu ya kwanza, simu ya pili. Alisoma fundi anavyojiambia kwamba mama ameshaumwa mara nyingi na hupona. Alisoma kile kipande cha katikati, na safari hii sauti haikukatika. Mwishoni binti anafika, kaburi limeshafunikwa, anapewa khanga ya mama yake, anaipima kwa futi kamba kwa sababu hajui afanye nini kingine na mikono yake. Hapo ikaisha. Wanawake wa Mikese hawakuwa tena wanachagua mchele.

"Asante Asia," akasema Mwalimu Faraja. "Sasa unajua sheria. Nyamaza. Nani anaanza?"

Mstaafu wa reli akasema mwanzo ni mrefu, treni imekaa sana stesheni. Mama wa mapacha akasema yeye asingegusa kitu. Kasiani akasema amesikiliza mara tano na kila mara anaisikia mashine inashona.

"Na mimi nina neno," akasema Mwanahawa.

"Karibu mama," akasema Mwalimu.

"Huyo binti alichelewaje?"

Mwanahawa akamgeukia binti yake.

"Asia, nakuuliza wewe."

Asia alitazama simu, akamtazama mama yake. Mwalimu Faraja akasema, "Mama, samahani. Mwenye hadithi haruhusiwi kujibu mpaka tumalize wote. Ndiyo kanuni yetu."

"Hata kwa mama yake?"

"Hata kwa mama yake."

"Ni kanuni nzuri," akasema Mwanahawa. "Tangu azaliwe sijamwona amenyamaza hivi."

Watu wa kwenye simu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasogeza kigoda karibu na ndoo.

"Basi nitasema mimi. Mwanangu ameandika uongo, na siyo ule wa kufa. Kufa kila mtu atakufa. Ameandika kwamba mama alifariki kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri, binti hajafika. Haiwezekani. Nyinyi wa huko kwingine mtazika mnavyozika. Sisi ukoo ni wa kwa mama. Maiti yetu haiteremshwi kaburini mjomba hajafika. Mjomba mkubwa yuko Matombo, tena hapandi pikipiki, anaogopa. Mpaka afike hapa ni magharibi au kesho yake. Binti anatoka Mafiga. Hata akimaliza hilo pindo, hata akishona na vifungo, atamkuta mama yake juu ya kitanda amefunikwa. Angewahi. Tungemngoja."

Zuhura anasema Asia aliinamisha uso kwenye buku na hakuuinua.

"Kwa hiyo hadithi imeharibika?" akauliza yule kijana mwenye kigugumizi. Alichukua muda kuisema, na wote wakamsubiri.

"Imeharibika kama mnataka achelewe kwa sababu ya watu," akasema Mwanahawa. "Watu hawamwachi. Kama mnataka achelewe, basi achelewe mwenyewe."

"Kivipi mama?" akauliza Kasiani.

"Afike. Ashuke pikipiki pale chini ya msikiti. Asikie kilio juu. Halafu miguu ikatae. Akae pale kwenye jiwe la wauza ndizi. Watu wanapita wanamwambia panda, mjomba kafika, unangojwa wewe. Anasema nakuja. Hapandi. Nimewahi kumwona mtu hivyo. Dada yangu alipofariki, mama yake huyu Zuhura, mimi nilikaa pale kwenye jiwe mpaka wakashuka wanaume wanne kunichukua."

Hilo Zuhura alikuwa halijui. Alikuwa na miaka minne mama yake alipofariki. Aliniambia alisimama pale na mwiko mkononi, akasahau alikuwa anakwenda kufanya nini jikoni.

Kisha Kasiani akauliza, "Mama, samahani, nyie ni ukoo gani?"

Mwanahawa akautaja.

"Nilijua. Tangu uliposema mjomba anaogopa pikipiki. Mimi ni mtani wenu."

"Umeanza."

"Sijaanza. Nashangaa tu. Jana mmefanya msiba, jeneza limetoka, mchele umekuja, na mtani hajaitwa. Nani alipaswa kulisimamisha hilo jeneza kama si mimi, nikaingia humo, nikadai kuku wangu? Mnazikana kimyakimya kama watu wa mjini."

"Maiti ilikataa," akasema Mwanahawa.

"Maiti ya ukoo wenu inakataa kila kitu. Haya, mimi mtani nasema: huyo mama aliyekufa kwenye hadithi nimeshamzika, nimemzika vibaya, miguu imebaki nje. Wewe uliye hapo kwenye simu ni mwingine, na kuku wangu nakudai."

Wazee watakuambia kwamba neno la mtani linaondoa lile ambalo ndugu hawezi kuliondoa. Mwanahawa alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alicheka mpaka akajifuta kwa pembe ya khanga, na wale wa Mikese ambao hawana utani na ukoo huo wakacheka pia.

"Kuku utampata ukija kumchukua," akasema. "Njoo upande mlima na hayo macho yako."

"Nitapanda kwa pua. Nyie mnanuka karafuu tangu Bigwa."

Mwalimu Faraja akaona ni wakati wake. Akasema, "Asia, wote wamemaliza. Sasa unaweza kusema."

Asia akasema, "Hadithi ilikuwa ifutwe. Namngojea mama."

Mwanahawa alilichukua lile buku mapajani mwa Asia, akaangalia pale uzi ulipokwisha kunyofolewa. Yeye hajui kusoma, aliangalia tu mistari ilivyojaa.

"Isifutwe," akasema. "Ila hicho kipande cha katikati kitoke kwenye simu za watu wote, leo. Kinatembea peke yake, na kinakotembea kinatangulia wenzake. Kama mnaitaka hadithi ya mwanangu, msikie yote au msisikie kabisa."

Mwalimu akasema atakifuta mwenyewe, na kila mmoja akifute kwake. Akasema pia kwamba kuanzia siku hiyo kila kipande cha kila mtu kitaanza na maneno kwamba hii ni hadithi. Kisha akauliza kama Asia anataka hadithi yake iingie kwenye uchaguzi wa kitabu, kwa sababu kikao kinafungwa saa sita na baada ya hapo hakuna nyingine itakayoingia.

"Kama ilivyo?" akauliza Asia.

"Kama ilivyo, ndiyo. Na nadhani ingepita."

Asia akamtazama mama yake, lakini Mwanahawa alikuwa ameshasimama anaelekea kwenye mafiga kuangalia maji. Jambo hilo lilikuwa la Asia peke yake.

"Itoe, Mwalimu," akasema. "Binti hakuchelewa hivyo. Sijaandika jiwe bado."

"Utakosa kitabu."

"Nitakosa."

Kitabu kilitoka mwezi uliofuata bila jina lake. Zuhura anasema Asia alinunua nakala moja, akamsomea mama yake hadithi ya Kasiani, na Mwanahawa akasema ni ya mtani kabisa, ina uongo mwingi.

Siku ile ya Jumamosi simu ilipokatwa, Mwanahawa aliita kutoka mafigani, "Asia, acha kukaa hapo kama mgeni. Njoo ukune nazi." Asia akaenda. Walikuna nazi mbili mbili, yeye na Magreth, huku Magreth anamweleza jinsi alivyolia vizuri njiani na kwamba kilio kile Asia hatakipata tena bure. Wali ulipoiva walipakuliwa majirani wote, pamoja na Mzee Abdulswamad, aliyekula kimya na kuomba wa kuongeza. Hakuna aliyesoma dua ya maiti. Mzee alisoma ya chakula.

Saa nane majirani walishaondoka. Jua lilikuwa kali na watu hawakuwa wamelala vizuri usiku. Wanawake wa Mikese walijilaza kwenye ule mkeka wao, ukumbini. Mwanahawa alilala kitandani kwake, mlango wazi. Asia alikaa chini ya mchenza na kaunta buku, akaandika ukurasa mmoja, na nusu ya wa pili, halafu akaegemea shina na kalamu ikalala kwenye mkunjo wa buku. Zuhura aliosha sufuria, akaanika karafuu zilizobaki, akaja kuiondoa kalamu isivuje wino kwenye khanga ya mwenzake. Kisha naye akatandika kipande cha gunia kizingitini, penye upepo, akalala.